Nilisema Niko Njiani

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili, 24 Agosti 2025

Kwako Dada Ruthu,

Shikamoo dada. Mbukwenyi wote hapo Kibakwe. Natumaini barua hii itakukuta umeshamaliza kupepeta alizeti na mgongo umekupa nafuu, maana Denis aliniambia siku hizi unainama kwa awamu. Shemeji mpe shikamoo yangu, na mwambie lile jembe aliloniahidi bado nalingojea. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Hana anakusalimu, anasema karanga ulizotuma zimekwisha na hakuna mtu humu ndani aliyekiri kuzimaliza. Upepo wa Agosti umeanza na vumbi linaingia hadi kwenye sukari. Mengine ni ya kawaida.

Najua umeshangaa kupokea bahasha kwa kondakta wakati simu zipo. Nimejaribu simu mara nne. Kila ukipokea nakuuliza habari za mbuzi, nakuuliza habari za ghala, kisha nakuaga. Kwenye karatasi siwezi kukukatia, na wewe huwezi kunikatia kabla sijafika ninakokwenda. Naomba uisome yote hadi mwisho, hata kama itakubidi uvae ile miwani unayosema inakuzeesha.

Nianze na ulichoniagiza. Ulisema niandike upya wasifu wa Mama, usomwe Jumamosi ya tarehe 13 Septemba tutakapomwekea msalaba, na niandae ratiba ya siku hiyo. Ukasema jina la Jordan lisionekane kwenye ratiba. Kwetu kitinda mimba ndiye hubeba msalaba wa mzazi kutoka mlangoni hadi kaburini, lakini safari hii ukataka ubebwe na mwanao Denis, na Jordan akija akae na wageni. Ulisema humchukii mdogo wetu. Ila mtu aliyemwambia mama yake anayekata roho kwamba Yoramu yuko njiani, wakati hata kumpigia simu Yoramu hakumpigia, tena akatoka kwenda kununua soda ya kumpokelea ili uongo ukamilike, mtu huyo mikono yake haifai kushika msalaba wa Mama. Nimekuelewa, dada. Wasifu nimeshauandika, uko humu ndani ya bahasha. Ratiba nayo nimeiandika, ila kuna mstari mmoja ulionisumbua na nitaufikia.

Umeniuliza pia kama bado naendelea na ule mchezo wangu unaouita mateso matatu. Bado ni yale yale: mita elfu moja na mia tano majini, kilomita arobaini kwa baiskeli, kilomita kumi kwa miguu, na hakuna kukaa chini katikati. Wenyewe wanauita trayathloni. Mashindano ni Mwanza, mwezi wa kumi na moja, na jina langu liliingia kwenye orodha Januari. Nakumbuka ulivyocheka siku ya kwanza nilipokueleza. Ulisema Mgogo na maji wapi na wapi, babu zetu waliyachota mchangani kwa kibuyu, hawakuyalalia kifudifudi. Mama alicheka hadi akakohoa, kisha akaniuliza nikifika upande wa pili kuna nini. Nilimjibu kuna baiskeli. Akasema basi si ningeanzia huko huko.

Unajua ilivyoanza. Daktari alinipima presha miaka miwili iliyopita akaniambia masjala itaniua, kwa sababu kutwa nzima nimekaa napokea faili, nagonga muhuri, napeleka faili. Mwalimu Faridi, yule Msandawe wa Chemba anayefundisha michezo sekondari ya hapa mtaani, ndiye aliyenifundisha kuogelea nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini na saba. Tulianzia kwenye bwawa la hoteli ambalo ukinyoosha mkono umegusa ukuta wa pili. Watoto wa miaka sita walikuwa wananipita na mama zao wananitazama kwa huruma. Nilivumilia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilishavua mbele za watu.

Mwaka huu mambo hayajaenda vizuri. Mwezi wa tano nilipata pancha tatu asubuhi moja kwenye barabara ya Kondoa, kwa sababu niliiegesha baiskeli porini nikaenda haja, na miiba ya huku haina adabu. Nilirudi nimepakiwa kwenye gari la mkaa. Mwezi wa sita goti la kushoto lilivimba, nikakaa wiki mbili nikilikanda kwa maji ya moto na chumvi. Lilipopona nikaanza tena. Faridi aliniandikia ratiba mpya ya mazoezi kwenye karatasi ya mtihani wa kidato cha pili, nikaibandika jikoni. Naifuata kama ninavyofuata saa ya kazi. Ikisema kimbia, nakimbia, na nikimaliza naweka alama ya vema.

Mwezi wa saba nilianguka. Ni karibu na Ihumwa, mbuzi walikatiza barabara, mmoja akaamua kurudi alikotoka. Nilipita juu ya usukani. Nilikaa pembeni nikatazama damu ikishuka kwenye kiwiko kama ya mtu mwingine. Mchunga mbuzi akanipa pole, akaniuliza naumia wapi, nikainuka kuinua baiskeli. Hana aliponisafisha jioni alikuta kokoto ndani ya nyama, akaitoa kwa sindano, akawa ananitazama usoni kuona kama nitashtuka. Sikushtuka. Wiki iliyofuata nilikimbia kilomita nane na kipande cha chupa ndani ya kiatu. Nilijua nilipoona soksi imelowa.

Ringi ya nyuma ilipinda kwenye ile ajali. Dodoma mafundi wapo wengi, lakini hakuna anayenyoosha ringi kama Jordan, na wewe unajua. Niliifunga kwenye kiroba nikampa kondakta aishushe Gulwe, kwenye kibanda chake pale karibu na stesheni. Sikuweka hata karatasi ndani. Baada ya siku nne ikarudi imenyooka, ina spoki mpya sita, imefungwa vizuri kwa mipira ya tyubu kuukuu. Ndani ya kiroba kaniwekea viraka na gundi, kwa kuwa anaijua barabara ya Kondoa. Naye hakuandika kitu. Sikumpigia kumshukuru. Niliiweka ringi mahali pake, nikaizungusha, haikuyumba hata kidogo.

Lakini kilichonishinda kabisa ni maji. Jumamosi mimi na Faridi huwa tunakwenda bwawa la Hombolo, kwa sababu ziwani huko Mwanza hakuna ukuta wa kushika. Tunatoka mjini alfajiri kwa baiskeli, tunaogelea, tunarudi. Tangu Machi sijavuka mita hamsini. Nikifika hapo nasimama, nageuka, natoka. Faridi ameniuliza kama ni woga. Si woga. Ameniuliza kama ni pumzi, nikamwambia pumzi ninayo, na anajua ninayo. Hana anasema ni majonzi ya Mama, nimpe mwili muda. Nilimwambia majonzi ningeyatambua. Dada, sisikii kitu. Nakula, nalala, nagonga muhuri, watu wananiambia pole na mimi nawaambia asante. Msibani wajomba walinisifu kwamba nimejikaza kiume, mmoja akasema nimerithi moyo wa Baba. Sikujikaza. Hapakuwa na kitu cha kukaza.

Sasa nimefika kwenye ule mstari wa ratiba, na nitauandika kama karani, kwa tarehe na saa, kwa sababu namna nyingine nimeshaijaribu ikanishinda.

Jordan alinipigia.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 15 Machi, saa moja na dakika thelathini na mbili asubuhi. Nilikuwa Hombolo, nimeshavua viatu. Simu ikaita, namba siijui, nikapokea, nikasikia sauti ya Jordan. Akasema simu yake imekwisha chaji, ameazima ya mtu anayeuguza kitanda cha jirani pale wodini Mpwapwa. Akaniambia Mama ameniulizia mara tatu tangu alfajiri, wewe bado hujafika kutoka Kibakwe, na daktari amesema watoto wote wawe karibu. Nikamwambia niko njiani. Nilisema hivyo hivyo, niko njiani, na nyayo zangu zilikuwa kwenye tope la bwawa.

Sisi sote tunasema hivyo. Fundi anasema yuko njiani akiwa bado na taulo kiunoni, bwana harusi anasema yuko njiani suti ikiwa kwa dobi, na anayesubiri anajua mwenyewe apunguze nusu. Hata wewe ulishaniambia uko njiani nikasikia unakoroga ugali. Lakini Mama hakupunguza. Jordan naye hakupunguza. Alilichukua neno langu kama nilivyompa akampelekea.

Nilikuwa na sababu zangu, na nitakuandikia, ingawa sasa hivi nikizisoma hazina uzito. Mwaka jana tuliitwa mara mbili kwenda kumuaga Mama, na mara zote mbili tulimkuta amekaa kitandani anauliza nani kaacha kuku nje. Nikajiambia na hii ni ya tatu. Faridi alikuwa ameshaingia majini hadi kiunoni ananisubiri. Nikajiambia ni dakika arobaini tu. Niliweka simu ndani ya kiatu nikaingia. Faridi sikumwambia kitu, na hadi leo hajui.

Siku hiyo nilivuka. Mita elfu moja na mia tano, dakika arobaini na tatu, bila kusimama, mara ya kwanza maishani mwangu. Nilipotoka nilifurahi, dada. Sitakuficha. Wavuvi wakatukaangia perege, tukala. Nikapanda baiskeli hadi nyumbani, nikaona miguu bado inataka, nikavaa raba nikakimbia na zile kilomita kumi. Nilimaliza yote matatu kwa siku moja, na hakuna siku nyingine niliyowahi kuyamaliza. Hana alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kitu. Nikaoga, nikavaa raba zile zile, nikapanda basi la saa saba.

Mama alifariki saa nane. Mimi niliingia pale wodini saa kumi na robo.

Kazi yangu ni kupanga nyaraka kwa mfuatano, kwa hiyo na hizi nimezipanga, si mara moja. Kama ningemwachia Faridi baiskeli nikachukua bodaboda hadi mjini, basi la saa tatu ningeliwahi, na saa sita ningekuwa Mpwapwa. Ningekaa naye saa mbili. Sijui angeniambia nini ndani ya hizo saa mbili. Pengine angeniuliza habari za kuku.

Wewe ndiye uliyenipokea nje ya wodi, ukaniuliza nilikuwa wapi. Nikakujibu kwamba sikuona simu yoyote ya Jordan. Lilikuwa jibu la masjala, dada. Namba haikuwa ya Jordan, kwa hiyo karatasi zilikuwa sawa. Ukamgeukia. Akasema alipiga kwa simu ya kuazima, ukamwuliza iko wapi hiyo simu, na mwenye simu alishaondoka mchana, mgonjwa wake aliporuhusiwa. Jordan akanitazama. Mimi nikatazama raba zangu, zilikuwa na vumbi jekundu hadi kwenye kamba. Ukamwambia mbele ya wajomba kwamba njia ya mwongo ni fupi. Alinyamaza siku ile, akanyamaza kaburini, amenyamaza miezi mitano. Nilikuwa namngojea aseme ili nikanushe au nikubali, sijui kipi, na hakunipa nafasi hiyo. Mimi ni kaka yake mkubwa. Aliona aibu yangu akaibeba yeye.

Na ile soda. Ulipotusimulia pale matangani, ulisema Mama alikataa kunywa uji akitaka anywe na Yoramu, akaomba ainuliwe mto atazame mlango, na kila mlango ulipofunguliwa aliuliza kama ni yeye. Ulisema Jordan alikuwa anamjibu yuko njiani, Mama, yuko njiani. Ukasema Mama mwenyewe ndiye aliyemtuma soda, kwa kuwa mtoto atafika na kiu ya safari, na Jordan akaenda kuinunua bila haya. Sikukuambia siku ile, nakuambia leo. Nilipoingia wodini kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Soda ilikuwa juu ya kabati dogo, haina ubaridi tena. Nilikuwa na kiu ya kilomita kumi. Niliinywa yote nimesimama, kabla sijamwuliza mtu yeyote ni ya nani.

Hayo ndiyo yote. Nilidhani nikifika hapa nitalia, lakini naona mkono tu ndio unaouma kwa kuandika. Naona aibu, hilo nalisikia. Ni kidogo, lakini nalisikia.

Kwa hiyo ule mstari wa ratiba nimeujaza hivi: msalaba utabebwa na Jordan. Naomba usiubadilishe. Wasifu ausome Denis, ana sauti nzuri na hajamdanganya mtu. Mimi niweke na wageni, mahali ulipokuwa umempangia mdogo wangu, na wajomba wakiuliza sababu wasomee barua hii kabla msalaba haujatoka mlangoni. Kama sauti itakukwama, mpe Shemeji. Usiruke sehemu ya perege wala ya soda. Ndani ya bahasha nimeweka pia kikaratasi chenye ile namba ya mtu wa kitanda cha jirani. Iko bado kwenye simu yangu, sikuifuta, tulizungumza dakika moja na sekunde kumi. Mpigie umwulize kama kuna kijana aliyeazima simu yake asubuhi ile. Najua hutahitaji, ila nimeiweka kwa sababu faili bila kiambatisho halijakamilika.

Mwanza nimeshawaandikia walifute jina langu. Faridi atalalamika, na nitamweleza. Kwa Jordan nitakwenda mwenyewe Gulwe, kwa sababu haya siwezi kuyatuma kwa kondakta. Sijui atanifanya nini. Akinipiga atakuwa na haki, akinipa kigoda na chai ndipo sitajua pa kuweka uso.

Nisalimie Shemeji na Denis, na yule mama jirani aliyekuwa anamletea Mama mlenda. Hana anaomba karanga nyingine, mimi siombi kitu. Ukienda kumwagilia maua ya kaburini, naomba usimpelekee Mama neno lolote kutoka kwangu. Ameshaletewa neno langu moja, akalingojea tangu asubuhi hadi saa nane.

Nitakuja, dada. Siku sikutajii, na simu ya kusema niko njiani sitapiga. Mtakaponiona nimesimama mlangoni ndipo mjue nimefika.

Mdogo wako,
Yoramu